Jina la Koko halikuwa kwenye kaye

Ndugu Mhariri,

Bwana Yesu asifiwe. Ninakuandikia kutoka mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nimefundisha darasa la pili kwa miaka 31, na mkono unaoandika barua hii una deni. Katika gazeti lenu nimesoma barua ya msomaji mmoja aliyesema Mkristo hana ruhusa ya kuwanung'unikia viongozi, wawe wa kanisa au wa serikali. Kwake, kazi yetu ni kuomba na kunyamaza. Niliisoma mara mbili peke yangu. Mara ya tatu nilimsomea mke wangu akiwa anachambua majani ya sombe, akaniambia: "Baba watoto, hiyo barua uijibu. Wewe unajua kwa nini."

Ninajua kwa nini.

Kwa miaka 14 nilikuwa mwandishi wa diakonia katika kanisa letu. Kanisa sitalitaja, maana bado ninasali hapo na ninalipenda. Diakonia kwetu ni kundi linalowatazama wajane, yatima, wagonjwa na walemavu. Kazi yangu ilikuwa kushika kaye, daftari la kawaida la shule lenye jalada la bluu, ambamo niliandika jina la mhitaji, mahali anapokaa, alichopewa na tarehe. Watu walinichagua kwa sababu nina mwandiko mzuri. Niliona fahari kwa hilo, kwa miaka mingi.

Kiangazi cha mwaka 2023 moto uliteketeza avenyu iliyo chini ya kwetu. Anayeijua Kadutu hahitaji kuelezwa sana. Nyumba za mbao zimebanana mlimani, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, nyaya za umeme kila mtu amejiungia kwa ujuzi wake, na gari la kuzima moto hata likija halina pa kushukia, kwa sababu njia yenyewe ni ngazi za udongo. Moto ulianza saa nne za usiku. Ilipofika saa sita palikuwa pamebaki majivu. Asubuhi nilipita juu ya mabati yaliyokunjamana, bado yana joto, nikahesabu nyumba moja moja. Zilikuwa 38.

Tulikuwa tumetoka tu kuwachangia ndugu zetu wa Kalehe. Mwezi wa Mei mwaka uleule maji na matope yalivifunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, yakaua watu zaidi ya 400, na waumini wetu walikuwa wametoa nguo, wametoa sufuria, wengine walitoa godoro walilokuwa wanalalia. Hata hivyo walitoa tena. Mama mmoja anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni aliweka kwenye sahani ya sadaka pesa yote ya siku ile, akarudi nyumbani na ndoo tupu. Ninalisema hili ili mtu asidhani waumini walikosa huruma. Huruma ilikuwa tele. Ilipotelea njiani, kati ya sahani ya sadaka na mlango wa mhitaji, na njia hiyo niliisimamia mimi.

Tulipata mabati 300, magunia ya unga na vikwembe, yaani vitenge. Wazee wa kanisa waliamua kusaidia familia 30, kila moja mabati kumi, tukianza na walio dhaifu kuliko wengine. Nikaambiwa niandike. Tukatangaza kwamba walioungua waje kanisani Jumatano saa nane za mchana, kila mtu aje mwenyewe.

Kanisa liko juu, kando ya barabara ya magari. Waliopatwa na moto walikuwa chini, bondeni. Wewe uliye na miguu mizuri unapanda kwa robo saa. Lakini kuna mjane mmoja tunayemwita Koko, yaani Bibi, mwenye miaka sabini na kitu, anayelea wajukuu wawili, mmoja wao amepooza miguu tangu utotoni. Alikuwa akiuza makaa ya kupikia, mafungu madogo madogo mlangoni pake. Siku ile hakuweza kupanda, na mjukuu hakuwa na wa kumwachia. Akamtuma mtoto wa jirani. Mtoto alisimama mbele ya meza yangu, vumbi mpaka magotini, akasema: "Mwalimu, Koko anasema umwandike." Nikamjibu: "Mwambie aje mwenyewe."

Maneno hayo niliyasema mimi, si mtu mwingine.

Saa kumi majina yalikuwa 25. Mzee mmoja wa kanisa aliinama karibu na sikio langu: "Mwalimu, andika huyu, ni wa nyumbani." Nikaandika. Akaja na wa pili, na mwenzake akaja na wake. Watano wote, wengine wanakaa mitaa mingine, Panzi na Bagira, na hakuna kati yao aliyeungua hata mwiko. Nilijua. Mkono wangu haukutetemeka, mwandiko ulibaki mzuri. Nilijiambia kwamba wazee ndio wanaoamua, mimi ni mwandishi tu. Halafu nikapiga mstari chini ya jina la thelathini na kutia sahihi.

Wakati huohuo msaada mwingine ulikuwa ukipitia kwa viongozi wa mtaa. Orodha yao niliiona ikiwa imebandikwa ukutani kwa siku moja tu kabla haijabanduliwa. Ilikuwa na majina 61. Nyumba zilizoungua, narudia, zilikuwa 38. Nilipoisoma nilikasirika sana, nikasema mbele ya watu kwamba nchi hii imeoza kuanzia juu. Nilikasirikia majina yao 61 huku matano yangu yamelala ndani ya kaye, chini ya mkono wangu.

Baada ya wiki tatu nilishuka bondeni kwa shughuli nyingine kabisa. Nikamkuta Koko ameketi chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo mbili zilizobaki, mjukuu amelala kwenye gunia. Alinikaribisha vizuri. Hakuwa na kiti, akanigeuzia bidoni la maji nikalie. Tukaongea habari za mvua, kwamba imekaribia. Nilipotaka kuaga akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa jambo: "Mwalimu, jina langu ni gumu kuandika?"

Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watoto kuandika majina yao. Nilimwambia, Koko, nitarudi. Nikapanda zile ngazi bila kusalimia mtu.

Nilikwenda kwa Pasta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema orodha imefungwa na mabati yamekwisha kugawanywa. Akanionya nisilete manung'uniko kanisani, kwa maana wana wa Israeli walionung'unika waliangamia jangwani, na tena imeandikwa: "Msiwaguse masihi wangu." Nikanyamaza. Nilinyamaza miezi minne, na mvua ya Septemba, Oktoba na Novemba ikamnyeshea Koko chini ya lile turubai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyeandika kwamba tunyamaze, huo ukimya ninaujua. Nimeukalia, nikala na kulala ndani yake. Na kwa miezi ile minne nilikuwa ninaomba kila asubuhi, wala sikuacha hata siku moja.

Naomba sasa tusome pamoja, kwa sababu ulileta Biblia, na Biblia ni kitu chetu sote.

Matendo ya Mitume, sura ya 6, inaanza hivi: "Hata siku hizo wanafunzi walipokuwa wakiongezeka hesabu yao, palikuwa na manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani juu ya Waebrania kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku." Manung'uniko. Luka ameliandika neno hilo wazi, halikumtia haya. Na ni kanisa gani? Ni lile la mwanzo, la moto wa Pentekoste, lenye mitume waliokula na Bwana. Hata hapo wajane walisahauliwa, wajane wa upande mmoja, wale wasiokuwa na lugha ya wenyeji wala mjomba kwenye meza ya kugawa.

Mitume walifanya nini? Petro hakuwatajia jangwa. Hakusema ni uasi, ni siasa, ni roho ya mapinduzi. Wale kumi na wawili waliita mkutano mzima na kukubali kwamba hawawezi kuliacha Neno ili wahudumu mezani, wakasema chagueni watu saba walioshuhudiwa kuwa wema. Tazama sasa majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Nimeyasoma tangu nikiwa kijana kwenye shule ya Jumapili bila kuona kitu. Yote saba ni majina ya Kiyunani! Ninavyoelewa mimi, meza ilipelekwa mikononi mwa upande uliokuwa ukilalamika. Mstari wa 7 unasema nini kilifuata: neno la Mungu likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikazidi.

Wale wa jangwani wao walimnung'unikia Mungu aliyekuwa akiwalisha mana. Wajane wa Yerusalemu walinung'unika kwa sababu hawakulishwa na watu waliopewa chakula wawagawie. Kuyachanganya haya mawili ni kumtwika mwenye njaa kosa la aliyemnyima.

Na lile neno la masihi wa Bwana, ambalo siku hizi limekuwa ngao ya kila mwenye kipaza sauti, ni la Zaburi ya 105. Isomeni yote, msikate kipande. Hao masihi wanaotajwa ni Abrahamu, Isaka na Yakobo wakiwa bado watu wachache, wageni wasio na ardhi, wakitangatanga kutoka taifa hili kwenda taifa lile. Na walioonywa wasiwaguse ni wafalme. Neno lililotolewa ili kuwalinda wageni wasio na kitu tumelinyang'anya tukawapa wakubwa.

Kuhusu Warumi 13, inayotuagiza kuwatii wenye mamlaka, ambayo ndugu yangu aliisimamia sana, nitasema kidogo tu. Mstari wa 4 unamwita mtawala mtumishi wa Mungu "kwako kwa ajili ya mema". Mtumishi ana bwana wake, na bwana huyo amekwisha kusema anachotaka. Katika Mithali 31, kabla haijafika kwa yule mke mwema anayesomwa kwenye kila harusi, kuna mama anamfundisha mwanawe aliye mfalme: "Fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu, uwatetee watu wote walioachwa peke yao." Mama huyo hakuogopa kumkumbusha mfalme kazi yake.

Ilikuwa Desemba nilipokuwa nikitayarisha somo la wamama, nikafika 1 Timotheo 5, penye maneno haya: "Mjane asiandikwe isipokuwa umri wake amepata miaka sitini." Asiandikwe! Basi hata wakati wa Paulo kulikuwa na kaye. Palikuwa na mtu kama mimi mwenye kalamu, na wajane waliandikwa au hawakuandikwa. Nilifunga Biblia. Koko alikuwa amepita miaka sitini zamani sana.

Kwenye mkutano wa kanisa wa mwisho wa mwaka niliomba neno. Nilidhani ningesema kwa ujasiri, lakini sauti ilikauka. Nikafungua kaye nikasoma majina matano, nikasema hawa hawakuungua, niliwaandika nikijua. Nikasema kuna mjane aliyeungua, alimtuma mtoto, nikamrudisha. Sikutaja mzee yeyote. Haikuhitajika, walianza kusimama wenyewe. Palikuwa na kelele ambazo sijawahi kuzisikia ndani ya nyumba ya Mungu. Mzee mmoja hakunisalimia tena kwa mwaka mzima, na tulikuwa tumeozeshana watoto.

Wiki moja baadaye, usiku, Pasta alibisha mlangoni. Aliketi muda mrefu bila kusema kitu. Mwishowe akasema: "Mwalimu, umenivua nguo mbele ya watu." Nikamwambia, "Pasta, nimejivua mimi kwanza." Tulikaa mpaka umeme ukakatika na mke wangu akaleta mshumaa. Ninataka kuwa wa kweli juu ya mtu huyu. Hakuwa amekula bati hata moja. Alikuwa ameogopa kuwakosa wazee wanaolijenga kanisa kwa mifuko yao, na hofu ile ndiyo aliyoivika andiko. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama ninajua mtu mwingine wa kushika kaye. Nikamwambia ninawajua watatu, wote wajane.

Hao watatu ndio wanaoishika mpaka leo. Mmoja hajui kusoma, lakini anamjua kila mtu kuanzia barabarani hadi mtoni, nani anameza dawa ya presha, nani ana mtoto wa kifafa, nani anasema amekula ilhali hajala. Walibadilisha mambo bila kuniuliza. Mhitaji haitwi tena kupanda, wao ndio wanaoshuka, maana Yakobo aliandika "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao", na kwenda huku Kadutu ni magoti na jasho. Anayeandika si yeye anayeshika pesa. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla kitu chochote hakijagawiwa, majina yanasomwa kwa sauti mbele ya kanisa lote, wahitaji wenyewe wakiwa wameketi viti vya mbele, na mtu yeyote anaweza kusimama akasema fulani amesahauliwa au fulani hastahili.

Kuna aibu katika kusomwa jina mbele ya watu, ninalijua hilo, na wapo waliokataa kuandikwa kwa sababu hiyo. Hao wanatembelewa kimya na Pasta mwenyewe, naye Pasta anawajulisha wale wamama watatu. Bado hatujapata njia nzuri zaidi. Mwaka jana mmoja wa wale watatu alimweka mpwa wake ambaye ana butiki na anajiweza. Jina liliposomwa, kanisa liliguna, mama akalifuta palepale kwa mkono wake. Liliisha hapo, na hakuna aliyeitwa mwasi.

Koko alipata nyumba. Kati ya zile familia tano, mbili zilirudisha mabati, tatu hazikurudisha mpaka leo. Mabati ishirini yalitosha chumba na nafasi ya kupikia. Vijana wa korali walibeba mbao.

Sasa niseme la viongozi wakubwa, kwa sababu najua kuna watakaosema mwalimu huyu anahesabu mabati wakati nchi inaungua.

Katikati ya Februari 2025, vita ilipotufikia, wenye madaraka waliuacha mji huu. Sitaingia katika siasa ya nani alitoka na nani aliingia, kila mmoja wetu aliona kwa macho yake. Waliokuwa na magari ya serikali waliondoka na magari. Jumamosi ile ilikuwa siku ya uporaji. Bohari ya PAM, Shirika la Chakula Duniani, ilivunjwa, na shirika hilo lilisema lilipoteza tani 7,000. Nilisimama mlangoni nikaona watu wakipita na magunia mabegani, mwenye nguvu mawili, asiye na nguvu akiokota kilichomwagika. Kijana mmoja alimletea Koko unga kwenye beseni. Koko alipika. Sikumhukumu siku ile na sitamhukumu, mwenye kumhukumu atafute kwanza aliyemwacha.

Benki zilifungwa. Ofisi hazikuwa na mtu. Jumatatu asubuhi, tarehe 17, risasi zikiwa zimetulia kidogo, wale wajane watatu walitoka na kaye yao wakapita nyumba kwa nyumba. Walijua pa kwenda. Walimkuta mzee mmoja ambaye hakuwa amekula tangu Ijumaa, na mama aliyejifungua usiku bila mtu. Kwenye kaye ile kulikuwa pia na mama Mwislamu, jirani wa msikitini, waliyekuwa wamemwandika tangu mwanzo bila kuomba ruhusa ya mtu. Naye walimfikia.

Mji wetu umewahi kuona viongozi wa namna nyingine, ndiyo maana hatuwezi kusema hatukujua. Mimi ni Mprotestanti, lakini Askofu Mkuu Munzihirwa alikuwa wa kila mtu. Oktoba 1996 wenye madaraka walipokimbia, yeye alibaki, akawaomba watu watulie na wasaidiane. Kwa miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amewatetea wakimbizi wa Rwanda ambao wengi wetu tulikuwa tumechoka kuwaona. Tarehe 29 Oktoba aliuawa pale Nyawera, hapa mjini, na mwili wake ulilala barabarani usiku ule. Aliwahi kusema kwamba kuna mambo ambayo hayaonekani ila kwa macho yaliyolia. Aliyemfuata, Askofu Mkuu Kataliko, aliandika barua ya Noeli mwaka 1999 akitaja wazi mateso ya watu wake na wanaofaidika nayo. Kwa barua ile alizuiwa kurudi Bukavu, akakaa Butembo tangu Februari mpaka Septemba 2000. Alirudi, na Oktoba akafa akiwa Roma. Sisi wa makanisa mengine tulimlilia pamoja na Wakatoliki, kengele zao zilikuwa zetu. Hakuna kati yao wawili aliyefundisha kwamba mwenye njaa anyamaze.

Na tukisema Bukavu hakuna kitu, twende kisiwani Idjwi. Oktoba 2012 Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi, aliyewatibu wanawake waliobakwa vitani, alivamiwa nyumbani kwake, mlinzi wake akauawa, naye akaenda Ulaya na familia yake. Wamama wa Idjwi, watu wanaoishi kwa jembe, walianza kuuza mananasi na vitunguu ili wachange pesa ya tikiti ya ndege ya kumrudisha. Januari 2013 akarudi. Wamama wa jembe walimchangia daktari tikiti! Ninapowasikia viongozi wakisema bajeti haitoshi kwa ajili ya wajane, ninafikiria yale mananasi.

Kuna jambo moja linaniuma zaidi kuliko wizi wenyewe. Yuda alipomkemea yule mwanamke aliyempaka Bwana marhamu, aliwataja maskini. Yohana anaeleza kwamba hakusema vile kwa kuwahurumia, alisema kwa sababu yeye ndiye aliyeshika mfuko. Siku hizi kila mkutano, kila hotuba, kila mradi unaanza na jina la maskini. Wajane wetu wamepigwa picha mara nyingi kuliko walivyopewa sabuni. Ukiuliza orodha iko wapi, nani aliiandika, ilisomwa mbele ya nani, unaambiwa huna adabu.

Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa viongozi wa makanisa yetu yote, Wakatoliki, Waprotestanti, wa uamsho na wengine: someni orodha zenu kwa sauti mbele ya wale walioandikwa na wale wasioandikwa. Haigharimu hata franka moja. Viongozi wa mitaa na mashirika, nanyi pia, msibandue karatasi ukutani kabla ya jua kuchwa. La pili ni kwako: jina langu lisichapishwe. Anayenijua atanitambua, na sioni haya mbele yake, lakini jina langu likitoka watu watamtambua Koko, naye hajaniruhusu.

Nilimsomea barua hii jana jioni, kwa sababu habari ni yake pia. Alisikiliza hadi mwisho akiwa anapepeta maharagi. Akasahihisha jambo moja. Nilikuwa nimeandika kwamba yule mtoto wa jirani alikuja mara moja, kumbe alikuja mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimekwisha kufunga meza, akakuta vijana wanafagia. Sikuwa nikijua hilo, nimeliongeza hapa.

Jumapili hii ni ya kwanza ya mwezi. Koko amesema atapanda ikiwa mvua haitanyesha, na vijana wawili wa korali wameahidi kumbeba mjukuu.

Mwalimu wa zamani,
Kadutu, Bukavu